Jiji la Dar es Salaam lina wenyewe wangapi?

Mkazi wa Mbagala, kwa mujibu wa mipaka ya kiserikali, haishi katika Jiji la Dar es Salaam. Wala wa Sinza, wala wa Kigamboni. Tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote, akaipandisha hadhi Manispaa ya Ilala ikawa ndiyo Jiji. Tangu siku hiyo jina hilo rasmi ni la Ilala peke yake. Mbagala iko Manispaa ya Temeke, Sinza iko Ubungo, Masaki iko Kinondoni, na Kigamboni ni manispaa inayojitegemea. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Asubuhi wote wanaamkia foleni moja, masika wote wanalowana na mvua moja, lakini wana halmashauri tano, na juu ya hizo tano hakuna baraza lolote la kuchaguliwa.

Watu wengi hawalijui hilo, na hawana sababu ya kulijua, mpaka siku barabara ya mtaani kwao inapochimbuka. Hapo ndipo mtu anapoanza safari ya kutafuta mwenye mji. Anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, anaelekezwa kwa mtendaji wa kata, mtendaji anampeleka kwa diwani, na diwani, kwa unyonge kidogo, anamwambia ukweli: barabara si ya halmashauri tena.

Kweli si yake. Mwaka 2017 serikali iliunda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na barabara za mitaa zikatoka mikononi mwa halmashauri. Barabara kuu kama Morogoro, Kilwa na Nyerere zilikuwa tayari chini ya TANROADS. Bomba linalopita chini ya lami ni la DAWASA, ambayo wakubwa wake wako Wizara ya Maji. Nguzo ya umeme ni ya TANESCO, chini ya Wizara ya Nishati. Nauli ya daladala inapangwa na LATRA. Taka zilizojaa kwenye mtaro, hizo ndizo za halmashauri, ingawa mtaro wenyewe unaweza kuwa wa TARURA. Ukisimama penye kona yoyote ya Buguruni ukahesabu vitu unavyoviona, utapata taasisi tano au sita, na kila moja inapeleka taarifa zake juu, kwa wizara yake. Hakuna inayolazimika kutoa taarifa kwa jirani yake.

Ndani ya halmashauri yenyewe madaraka nayo yamegawanyika. Meya hapigiwi kura na wananchi. Anachaguliwa na madiwani wenzake, anaongoza vikao vya baraza, anakata utepe na kupokea wageni. Anayesaini mikataba na kuidhinisha malipo ni mkurugenzi, afisa masuuli aliyeteuliwa na Rais. Pembeni yao wako Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa, nao wateule wa Rais, ambao hawasaini mikataba ya halmashauri lakini neno lao lina uzito kuliko sahihi nyingi. Mgeni akiuliza kiongozi wa mji ni nani, jibu linategemea anataka nini: hotuba, hela, au amri.

Hela nayo ina historia yake. Kodi ya majengo, ambayo katika miji mingi duniani ndiyo uti wa mgongo wa mapato ya serikali ya mji, ilihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, mwaka 2016, na tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia. Sina ugomvi na wazo la LUKU. Ni njia rahisi ya kukusanya, na watu wengi wanalipa bila hata kuhisi. Lakini mkurugenzi anayepanga bajeti ya miaka mitano anahitaji chanzo anachoweza kukitabiri na kukiongeza kwa juhudi zake mwenyewe. Chanzo hicho kikishakuwa cha mwingine, anabaki na ushuru wa huduma, leseni na ada za masoko, na kusubiri ruzuku kutoka Hazina.

Sasa mweke meneja wa mradi katikati ya hali hiyo. Vitabu vya usimamizi wa miradi humfundisha kulinda mambo matatu: muda, gharama na ubora. Ana mkandarasi, ana mhandisi mshauri anayekagua kazi na kupitisha hati za malipo, ana ratiba ukutani. Kwenye ujenzi wa kiwanda pembezoni mwa mji hayo yanaweza kutosha. Mjini, yanayomchelewesha mara nyingi hayamo katika mkataba wake. Nyumba kumi na tano zinatakiwa kupisha mradi na wenye nyumba hawajalipwa fidia. Bomba kuu la maji linapita pasipotarajiwa kwa sababu mchoro wake ni wa zamani na aliyelilaza alistaafu. Nguzo zinasubiri kuhamishwa na shirika ambalo lina ratiba yake, mafundi wake na bajeti yake. Mkandarasi amekabidhiwa eneo la ujenzi ambalo hawezi kulifanyia kazi, mitambo imesimama, na kwa mujibu wa mkataba ana haki ya kudai fidia ya muda huo. Malipo yake yakichelewa, anadai riba pia. Barabara inakuwa ghali hata kabla kifusi cha kwanza hakijamwagwa, na hakuna mtu aliyeiba hata senti.

Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu sisi tuna mazoea ya kueleza kila mradi uliodorora kwa neno moja, ufisadi. Upo, na unapokuwepo ushughulikiwe. Ila hasara kubwa sana hutokea mchana kweupe, kati ya taasisi mbili zilizofanya kazi zao sawasawa, kila moja ndani ya mipaka yake.

Mradi wa DMDP ni mfano mzuri. Ni mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300, ulioidhinishwa mwaka 2015, kwa ajili ya barabara za mitaa, mitaro, masoko na maeneo ambayo hayakupimwa. Ulisukwa kwa ushirikiano wa TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, na manispaa tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Haukupita muda Kinondoni ikamegwa ikazaliwa Ubungo, na Temeke ikamegwa ikazaliwa Kigamboni. Kisha ikaja TARURA ikachukua barabara. Kwa hiyo katika miaka miwili tu ya mwanzo, washirika watatu waliojadiliana mradi walikuwa wamekuwa watano, na kazi kubwa kuliko zote ilikuwa imehamia kwa taasisi ambayo haikuwepo siku ya kusaini. Pamoja na hayo kazi zilifanyika. Atakayepita Temeke na Sinza leo ataona barabara na taa ambazo hazikuwepo. Wahandisi walioushikilia mradi huo katikati ya mabadiliko yale wanastahili heshima kuliko wanayopewa, maana nusu ya kazi yao ilikuwa kumtafuta upya mtu wa kuzungumza naye.

Lakini kama kuna mradi unaofundisha kila kitu kwa wakati mmoja, ni mwendokasi, yale mabasi yenye njia yao peke yao.

Wazo lilianzia katika Halmashauri ya Jiji mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wakala wa DART uliundwa mwaka 2007 kusimamia mfumo. Ujenzi wa awamu ya kwanza, karibu kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ulianza mwaka 2012 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. TANROADS ikasimamia, kampuni ya Strabag ikajenga. Mabasi yalianza kutembea Mei 2016. Safari ya Kimara hadi Posta, ambayo kwa daladala ingekula saa mbili na zaidi asubuhi, ikapungua kwa kiasi ambacho watu walikisimulia kama miujiza.

Ukitazama ujenzi peke yake, mradi ulifaulu. Ulikuwa na mteja mmoja, mkandarasi mmoja, mfadhili mmoja anayedai taarifa kila robo mwaka, na tarehe ya mwisho. Uendeshaji haukubahatika hivyo. Kwenye karatasi, DART ingesimamia, watoa huduma wangeshindanishwa kwa zabuni, mkusanya nauli angekuwa mwingine, na fedha zingeingia katika mfuko mmoja zigawanywe kwa kilomita zilizotembewa. Mfumo ulihitaji mabasi 305. Barabara ilipokuwa inakaribia kukamilika, zabuni hizo zilikuwa hazijakamilika, kwa hiyo ikapatikana njia ya mpito: UDA-RT, kampuni iliyoundwa na shirika la UDA pamoja na vyama vya wamiliki wa daladala, ianze na mabasi 140. Kuwaingiza wenye daladala ulikuwa uamuzi wa busara kisiasa, kwani hao ndio waliokuwa wanaondolewa Barabara ya Morogoro, na mtu unayemnyang'anya riziki humwachi nje ya mlango ukategemea utulivu. Tatizo ni kwamba mpito uliokusudiwa kuwa wa miaka miwili uliendelea mwaka baada ya mwaka. Mabasi 140 yakabeba mzigo wa mabasi 305, yakachakaa kwa kasi hiyo hiyo, na aliyekuwa anasimama kituo cha Kimara saa kumi na mbili asubuhi hakuwa na daladala ya kukimbilia, maana zilishaondolewa njiani.

Mwaka 2018 peke yake unatosha kuonyesha sura zote za mradi huu. Dar es Salaam ilitwaa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka huo kwa sababu ya mwendokasi, na ilistahili. Mwaka huohuo mabasi mapya 70 yaliyoagizwa kuongeza nguvu yalikuwa yamekwama bandarini kwa mvutano wa kodi: chombo kimoja cha umma kinataka usafiri, kingine kinataka ushuru, na vyote viwili viko sahihi kwa sheria zao. Na masika ya mwaka huohuo mafuriko yaliingia karakana ya Jangwani yakaharibu mabasi.

Hapo Jangwani inabidi tusimame kidogo. Desemba 2011 mafuriko ya bonde la Msimbazi yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na serikali ikawahamisha waathirika kwenda Mabwepande, ikisema, kwa haki kabisa, kwamba bondeni si pa kuishi. Miezi michache baadaye ujenzi wa mwendokasi ukaanza, na karakana kuu ya mabasi ikawekwa katika bonde lilelile. Ukiitazama ramani unakielewa kishawishi: eneo kubwa, tambarare, katikati ya mji, karibu na njia kuu. Aliyekuwa anatafuta mahali pa kulaza mabasi alipata jawabu zuri la swali lake. Aliyekuwa anashughulikia maafa alipata jawabu zuri la swali lake. Hakuonekana mtu aliyekuwa na maswali yote mawili mezani kwa wakati mmoja, mwenye madaraka ya kusema hapana. Mpango kabambe wa jiji ndio ungefanya kazi hiyo, lakini uliokuwepo ulikuwa wa 1979, wa mji ambao haukuwa na hata robo ya watu wa leo.

Awamu ya pili, ya Barabara ya Kilwa kwenda Mbagala, nayo ilijirudia kwa namna yake. Barabara ilijengwa, vituo vikasimama, madaraja ya juu yakapitika, kisha ikakaa muda mrefu ikisubiri mabasi. Zege lilikuwa na mkandarasi mwenye tarehe. Mabasi yalikuwa na zabuni, mazungumzo na mwekezaji, na masharti ya benki. Kama ningepewa kubadilisha jambo moja tu katika namna tunavyopanga miradi ya usafiri, ningeweka sharti kwamba mkataba wa kuweka lami usisainiwe kabla mkataba wa kuendesha haujafika mahali pa kueleweka. Najua kuna wahandisi watakaosema hilo litachelewesha ujenzi. Litachelewesha kweli, na abiria hatapoteza kitu, maana barabara isiyo na basi haimfikishi kazini.

Watu wakiusikia mkanganyiko huu huwa na jawabu moja la haraka: tupatiwe mkubwa mmoja, mkali, apewe rungu. Tumeshajaribu. Mwaka 1996 serikali iliivunja Halmashauri ya Jiji iliyokuwa imeshindwa hata kuzoa taka, ikaweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Hadi tume ilipomaliza muda wake mwaka 2000, mapato yalikuwa yamepanda na mji ulikuwa umepata sura. Wazee wa Ilala na Magomeni wanaisimulia hadi leo. Kisha zikaja manispaa tatu na Halmashauri ya Jiji juu yao, mipaka ya kazi kati yao ikawa ya kugombaniwa, na miaka ishirini baadaye hiyo ya juu ikavunjwa tena.

Nairobi walijaribu kwa sauti kubwa zaidi. Februari 2020 Gavana Mike Sonko alisaini Ikulu hati ya kuikabidhi serikali kuu kazi nne za kaunti: afya, uchukuzi, ujenzi na huduma zake, pamoja na mipango miji. Mwezi uliofuata Rais Uhuru Kenyatta aliunda NMS, chombo cha serikali kuu cha kuzifanya kazi hizo, akamweka Meja Jenerali Mohamed Badi kuiongoza. Kwa kasi, hakuna wa kubisha: visima vilichimbwa, njia za waenda kwa miguu zikajengwa katikati ya mji, hospitali zikainuka katika mitaa ya mabanda. Lakini gavana na NMS hawakuelewana tangu mapema, Sonko akakataa kuidhinisha bajeti iliyotenga mabilioni kwa NMS, kesi zikaenda mahakamani, na Desemba 2020 Seneti ikamwondoa madarakani. Mafahari wawili, zizi moja. Mwaka 2022 muda wa NMS ukaisha na kazi zikarudi kaunti kwa gavana mpya, Johnson Sakaja. Pamoja nazo zikarudi kazi zilizobaki njiani. Kituo cha matatu cha Green Park kilishajengwa ili magari yasiingie katikati ya mji, ila mpango wenyewe wa kuyaondoa ulikwama, kwa sababu wenye matatu, wafanyabiashara na abiria hawakuwa wamekubaliana na mtu yeyote aliyebaki ofisini.

Amri inajenga haraka. Inachoshindwa ni kupata mrithi. Jenerali anaondoka, tume inavunjwa, na jengo linabaki na taasisi ambayo haikuliomba, haina fungu lake, na pengine ilipinga lilipokuwa linajengwa. Ndiyo maana nadhani uongozi wa miradi ya mji ni kazi ya maungio kuliko kazi ya majengo. Anayeweza kuwaketisha meneja wa TARURA, wa DAWASA na wa TANESCO chumba kimoja mwezi Januari, kabla bajeti zao hazijafungwa, na wakatoka na ratiba moja ya kuchimba mtaa mmoja, amefanya jambo kubwa kuliko aliyepigwa picha na kofia ngumu. Januari ina maana yake: mwaka wa fedha unaanza Julai, na kinachoandikwa Mei kimeshachelewa. Bomba ambalo halikuingia kwenye bajeti mwaka huu litalazwa mwaka ujao, juu ya lami mpya, na mwananchi atasema serikali haina akili.

Kuna na karatasi zisizo na mvuto wowote. Kila eneo la ujenzi lina kibao: jina la mradi, mteja, mhandisi mshauri, mkandarasi, mfadhili, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Baada ya kazi kukamilika kuna kipindi cha matazamio, mara nyingi mwaka mmoja, ambapo mkandarasi anarekebisha kasoro kwa gharama zake. Baada ya hapo kibao kinang'olewa. Sijaona kibao chenye mstari wa mtunzaji: nani atazibua mtaro huu mwaka wa tatu, na kwa fungu gani. Mtaro ukishaziba, barabara inakufa kwa maji muda wake ukiwa bado, na tunatangaza zabuni mpya ya kujenga tulichokwishajenga.

Jaribio kubwa la hayo yote sasa liko bondeni Msimbazi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde hilo: daraja la Jangwani liinuliwe, mto upanuliwe, karakana ya mabasi ihamishwe, wakazi wa Jangwani, Kigogo na Hananasifu walipwe wapishe, na eneo lililobaki liwe bustani ya umma. Ni kazi nzuri na imechelewa sana. Lakini mto Msimbazi unaanzia vilima vya Kisarawe, mkoa wa Pwani, nje ya mamlaka ya halmashauri yoyote ya Dar es Salaam, na kila masika unashuka na mchanga. Mchanga huo ndio uliolijaza daraja la sasa hadi maji yakakosa pa kupita. Daraja jipya litakuwa juu zaidi, ila mchanga utaendelea kuja, na kuuchota ni kazi ya kila mwaka isiyo na jiwe la msingi wala utepe. Inahitaji fungu la bajeti katika taasisi moja iliyotajwa kwa jina, kuanzia mwaka wa kwanza baada ya mkopo kufungwa. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kwenda kusikiliza kama swali hilo linaulizwa. Diwani wa Jangwani atauliza Ilala. Wale wa Kigogo na Hananasifu watauliza Kinondoni. Na Kisarawe, ambako mchanga unatoka, kuna baraza la tatu.